Amekunywa Uji Asubuhi

Kabla sijapata cheti nilikuwa naingia wodini kwa nguvu ya sauti. Tulikuwa kundi la akina mama wa kanisa kutoka Magamba, vitenge vya sare, Biblia kwapani, na kila Jumapili baada ya ibada tulikuwa tunavamia hospitali moja ya mjini Mpanda kuombea wagonjwa. Tunaimba, tunakemea, tunapiga makofi. Mgonjwa akitaka kulala, shauri yake. Mimi ndiye niliyekuwa natangulia, maana sauti ninayo na aibu sina.

Siku moja nesi mkuu wa wodi ya wanaume, mama mfupi asiyecheka ovyo, akatusimamisha mlangoni. Akasema kuanzia sasa mtu wa dini asiye na cheti cha huduma ya kiroho hospitalini haruhusiwi kukaa na wagonjwa, ataingia saa za kuona wagonjwa kama ndugu wengine, atasalimia, ataondoka. Nikamuuliza, "Cheti cha kuomba? Mungu naye siku hizi anataka cheti?" Akanijibu bila kupandisha sauti, "Mungu hataki. Mimi nataka."

Nilirudi nyumbani nimevimba. Wenzangu waliona yaishe, wakahamishia maombi majumbani. Mimi sikuweza kuiacha ile wodi, na sababu yangu nitaisema.

Mume wangu alifia mle. Wakati huo tulikuwa tunaishi Kasekese, na nilikuwa nimerudi shambani mara moja kuangalia mahindi. Shemeji yangu akanipigia simu. "Shemeji, kaka anaendelea vizuri, ila wewe njoo." Nikapanda gari. Niliomba njia nzima. Nilimwahidi Mungu mambo mengi, nikamkumbusha na mema yote niliyowahi kufanya, hata yale madogo ya kupeleka uji kwa wanawake waliojifungua. Kumbe ninayemwombea apone yuko mochwari tangu alfajiri, na ndani ya gari lile nusu ya watu walikuwa wanajua. Mama niliyekaa naye kiti kimoja alikuwa ananipa maji ya kunywa kila baada ya muda, mimi nikadhani ni ukarimu tu.

Ndivyo tunavyofanya huku kwetu. Mfiwa haambiwi kwa simu. Anaambiwa mgonjwa anaendelea, njoo, na akifika anakuta turubai limeshafungwa. Watu wanasema ni kumhurumia. Mimi sikuiona huruma hiyo. Niliona nimefanywa mjinga mbele za Mungu, na nilikasirika kwa miaka. Nikajiapiza kwamba nikipata nafasi katika wodi ile, hakuna mtu atakayefanywa hivyo mimi nikiwepo. Kwa hiyo kama nafasi yenyewe inapatikana kwa cheti, basi nitakitafuta hicho cheti.

Mafunzo yalikuwa ya mwaka: majuma machache darasani, mbali huko, halafu miezi ya kufanya kazi wodini kwetu huku msimamizi akinifuatilia kwa simu. Darasani tulikuwa wachungaji, masista, makatekista na ustadhi mmoja mpole kutoka mwambao wa Ziwa Tanganyika. Tulifundishwa kukaa chini badala ya kumsimamia mgonjwa kichwani. Tulifundishwa kuuliza kabla ya kuomba. Halafu tukafundishwa kunyamaza, na hapo ndipo nilipotoka jasho. Kila mazungumzo na mgonjwa tulitakiwa kuyaandika baadaye neno kwa neno na kumtumia msimamizi. Yangu ya kwanza yalirudi na swali: "Mgonjwa amesema maneno machache, wewe umesema ukurasa mzima. Nani alikuwa anaumwa?" Nilimtukana kimoyomoyo, mchungaji wa watu, nikaandika tena.

Somo moja tu nililipokea kwa mikono miwili. Walisema mtu akifa, mwambie ndugu yake kwamba amefariki. Usiseme hali si nzuri, usiseme njoo utamkuta, usizunguke. Darasa zima likaguna. Ustadhi akasema kwao ukitamka hivyo kwenye simu unaweza kuzika wawili. Mimi nikasimama nikasema nakubaliana na mwalimu, tena ingekuwa amri yangu wanaozunguka wangeshtakiwa. Watu walicheka. Sikuwa natania.

Sharti la mwisho la cheti lilikuwa kumsindikiza mgonjwa mmoja, tangu kukutana naye hadi afikie uamuzi mzito, halafu msimamizi aje aone. Nikampata mzee wa Kisukuma kutoka Majimoto, mfugaji, aliyeshuka na ng'ombe kutoka kaskazini akiwa kijana na akatajirika kwa mpunga. Mguu wake wa kulia ulikuwa umeoza kwa sukari. Daktari alishasema ukatwe chini ya goti juma lile lile, la sivyo sumu itapanda na atakufa. Mzee alikataa. Hakugomba na mtu, alijigeuza tu akatazama ukuta.

Nikawa nakwenda kila asubuhi, navuta stuli, nakaa. "Mwangaluka, baba." Anaitikia. Basi, yamekwisha. Mke wake mdogo, aliyekuwa anamuuguza, ananiangalia kwa huruma kana kwamba mgonjwa ni mimi. Nilikuwa naumwa na ulimi kwa kunyamaza, lakini nilinyamaza, na asubuhi moja mzee akauliza mwenyewe.

"Mayu, mguu ukishakatwa unaenda wapi?"

Mayu kwa Kisukuma ni mama. Nikamwomba nafasi niulize. Nesi mkuu akasema unachomwa kwenye tanuri la hospitali, au ndugu wakitaka wanapewa wakazike. Nilimrudishia jibu hilo kama lilivyo. Mzee akasema, "Mguu wangu uchomwe pamoja na mabomba ya sindano? Mguu uliotembea na ng'ombe kutoka kwetu mpaka huku?"

"Ndugu wanaweza kuuzika, baba."

"Nani achimbe? Nani asimame mbele za watu aseme hapa tunazika mguu wa baba, na asicheke? Hiyo ni kazi ya mwanangu mkubwa. Na mwanangu mkubwa hatuongei."

Waligombana kwa ajili ya shamba la mpunga, misimu kadhaa ilikuwa imepita. Mzee akasema mwana aje, amwone angali na miguu yake, atamke kwa mdomo wake kwamba atauzika. Hapo atatia dole gumba kwenye karatasi ya daktari. Nikamwambia basi tumpigie. Akakataa katakata kuongea kwenye simu na mtoto asiyekuja kumwona. Mke wake naye akasema yeye akipiga haipokelewi. Ikabaki mimi na simu yangu. Msimamizi anafika kesho, mguu unanuka, mzee anaweza kufa, na cheti changu kimekaa juu ya simu moja.

Nilitoka uani nikapiga. Kijana alipokea upesi. Nikajitambulisha vizuri, kama tulivyofundishwa: mimi ni mama wa huduma ya kiroho, niko hospitali Mpanda, nimetoka kukaa na baba yako sasa hivi.

"Anaendeleaje?" akauliza polepole.

"Yu hai, anaongea. Amekunywa uji asubuhi."

"Uji."

"Ndiyo. Anaomba uje wewe na ndugu zako, leo au kesho asubuhi msikose."

"Na ndugu zangu." Nikamsikia anaketi chini. "Mama, naweza kuongea naye?"

"Amekataa kuongea kwenye simu. Lakini ni mzima, mwanangu, haki ya Mungu nakuapia."

"Nimekuelewa, mama. Ahsante kwa kutuambia vizuri. Najua kazi yenu ni ngumu."

Nikakata simu nikiwa nimefurahi kweli. Nikasema moyoni, mtoto ana adabu huyu, na miye nimejua kuongea. Mimi, jamani! Mimi niliyepewa maji njia nzima kutoka Kasekese!

Kesho yake kabla ya mchana Canter ikaingia getini, imejaa. Wamepita Sitalike, wameumwa na mbung'o wa hifadhini, na sauti za wanawake zilisikika kabla gari halijasimama. Wamejifunga khanga viunoni, mikono vichwani, wanalia kwa Kisukuma. Wanaume wamevaa makoti kwenye joto lile. Kijana mkubwa akaruka chini, macho mekundu, akanijia moja kwa moja kwa sababu ya Biblia yangu.

"Mama, wewe ndiye uliyepiga? Mungu akubariki. Tumepitia kwa fundi hapo mjini, jeneza yuko nalo, anasubiri vipimo tu."

Nilifungua mdomo kumwambia baba yako ni mzima, halafu nikajiona ninavyosema maneno yaleyale yaliyompeleka kwa fundi wa jeneza. Nikamshika mkono, nikamvuta, tukapita mlango wa wodi na ukoo wote nyuma yetu. Nesi mkuu alikuja mbio. Msimamizi wangu, aliyekuwa amefika asubuhi na ameketi kwenye kiti cha pembeni na miwani yake puani, akainuka.

Mzee alikuwa amekaa kitandani na bakuli la uji mkononi. Mwanamke mmoja akapiga ukelele, akakimbilia nje. Wengine wakanyamaza ghafla, hata mtoto mgongoni akanyamaza. Mzee akawaangalia: khanga viunoni, makoti, machozi.

"Nani amekufa?"

Akanigeukia mimi. "Mayu, nani amekufa?"

"Ni wewe, baba," nikasema.

Aliweka bakuli chini. Akauliza kwa utulivu kama wamechinja. Wakasema wamechinja. Yupi? Wakatazamana, kisha mmoja akataja dume jekundu la pembe pana, na hapo mzee akafoka kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Loo! Dume lile! Si mngechinja lile kilema! Alifoka hadi akakohoa, na nadhani ng'ombe yule alimuuma kuliko mguu. Alipomaliza kukohoa akauliza, "Na kaburi?"

"Tulianza jana jioni," kijana akasema, anatazama sakafu. "Pale juu ya kisima, karibu na kaburi la mama."

"Limefika wapi?"

"Kiunoni."

"Nani alipiga jembe la kwanza?"

"Mimi, baba."

Mzee alimtazama. Nilitaka kusema kitu, ulimi wangu ukawasha, nikaubana kwa meno. Mke mdogo alikuwa analia bila sauti. Kisha mzee akasema kwa Kisukuma maneno ambayo kijana alinitafsiria baadaye: kwamba kaburi lisifukiwe tupu, wapeleke mguu, na yeye atakapokuja kwa siku zake aukute pale pale. Kijana akapiga magoti kando ya kitanda akasema atauzika, na hakucheka, na hakuna mtu mle ndani aliyecheka. Daktari alileta karatasi. Mzee akatia dole gumba.

Mguu ulikatwa siku ileile. Ulisafiri na Canter ile kurudi Majimoto, umefungwa vizuri kwenye khanga mpya.

Sasa mtu angedhani nimefaulu. Hata mimi nilidhani. Lakini baba yao mdogo, mdogo wake mzee, aliyekuja na Canter ile, alikuwa na ndugu waliokuwa tayari kwenye mabasi kutoka Shinyanga na kijiji kizima kinakula nyama ya msiba kwake, akaenda ofisini kulalamika kwamba hospitali ina mama anayetangaza vifo vya watu walio hai. Msimamizi akaniita kwenye chumba cha kufungia vidonda, ndicho kilichokuwa wazi. Mchungaji mstaafu, mkavu kama muhogo wa kiangazi.

"Ulimwambia nini?"

Nikamweleza kila neno. Nilikuwa nayo yote kichwani, nimezoea kuandika.

"Aliposema nimekuelewa, alielewa nini?"

"Nilimwambia yu hai, mchungaji! Niliapa!"

"Sijauliza ulisema nini. Nauliza yeye alielewa nini. Ulimuuliza?"

"Sikumuuliza."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nilifurahi kueleweka," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, akavua miwani. Akasema atanipa miezi mingine wodini na mgonjwa mwingine wa kupimwa naye. Hapo ndipo nilipolipuka. Mguu umekatwa, mzee anapumua, baba na mwana wanaongea, nyie mnataka nini tena? Nilisema kwa sauti yangu yote, ile ya Jumapili, hadi nesi mkuu akachungulia. Msimamizi alingoja nimalize.

"Hayo yamefanywa na kaburi," akasema. "Siwezi kumpa kaburi cheti. Wewe nakutaka ujue kuuliza."

Nililia juu ya bodaboda kutoka mjini hadi Magamba. Dereva akanipa pole ya msiba, nami sikuwa na nguvu ya kumsahihisha. Nilichukia kukosa, lakini nilichukia zaidi kwamba mzee yule mkavu alikuwa amesema kweli. Mimi niliyekasirishwa na uongo wa shemeji kwa miaka yote ile nilikuwa nasubiri tu siku yangu ya kusema ukweli. Yule wa upande wa pili wa simu sikumfikiria. Alipewa maneno yaleyale wanayopewa wafiwa wote, na juu yake sauti ya mama wa kanisa asiyemjua. Angejuaje?

Basi nikarudi wodini. Nikajizoeza. Ndugu wa mgonjwa akisema tumeelewa, namuuliza, "Mmeelewa nini?" Wengine wanachukia, wanafikiri nawafanyia mtihani. Wengine wanabaki wanatazamana, na unagundua hakuna aliyeelewa hata kidogo. Nikapimwa tena, na mgonjwa mwingine, bila Canter wala jeneza. Cheti kikaja. Nesi mkuu alinivisha kitambulisho yeye mwenyewe, akaninyooshea kola ya gauni. "Karibu," akasema. "Usiimbe."

Mzee wa Majimoto alikuwa anarudi kliniki na gongo lake, na mwanawe ndiye aliyekuwa anamleta. Wote wawili wakawa wananitania. Mzee akiniona tu kwenye korido anauliza, "Mayu, leo nimekufa au bado?" Nami namjibu ngoja nikapige simu kwanza. Kijana anacheka hadi anashika ukuta. Kule kwao, akaniambia, mtu akipiga simu kuuliza habari za baba, watoto wanajibu amekunywa uji, nyumba nzima inavunjika mbavu.

Msimu wa kuvuna mpunga mzee akalazwa tena, safari hii figo. Kijana alikaa naye siku kadhaa, na alipoona amepata nafuu akarudi mara moja shambani, maana mpunga ulikuwa umeiva na vibarua wanasubiri. Asubuhi iliyofuata mzee akafariki. Nilikuwa nimekaa kwenye stuli. Hakusema neno kubwa lolote, aliomba mto ugeuzwe, mke wake akaugeuza, basi. Mke wake akainamisha kichwa kwenye shuka na kuniambia kwa ishara ya mkono, piga wewe.

Nikatoka uani, mahali palepale. Kijana alipokea haraka, nikasikia sauti za watu wakipura mpunga.

"Mama wa Mpanda!" akasema kwa furaha. "Shikamoo!"

Nilikuwa nimejiandaa kusema, na nikasema. "Mwanangu, baba yako amefariki."

Akacheka. Jamani, akacheka kwa moyo wote. "Aa-ah, mama! Safari hii hutupati! Fundi hatumsumbui tena!" Akawageukia wenzake, nikamsikia anawaambia ni yule mama wa jeneza, anasema mzee amekufa, na uwanja mzima wa mpunga ukaangua kicheko.

Nilisimama pale na kitambulisho shingoni. Ningeweza kukata simu. Ningeweza kumwambia, kama shemeji alivyoniambia mimi, njoo tu, na angepanda gari anacheka. Nilingoja kicheko kiishe.

"Mwanangu," nikasema, "umeelewa nini?"

Nyuma yake watu waliendelea kupura, halafu nao wakaacha, mmoja mmoja.

"Umesema baba amefariki."

"Ndiyo."

Nikamsikia anatembea, anajitenga na watu, miguu kwenye makapi. Aliposimama, sauti yake ilikuwa imepungua, ya mtoto kabisa.

"Mama. Asubuhi amekunywa uji?"

"Hapana, mwanangu," nikamwambia. "Leo hakunywa."